Stima Tuliyomlipia Dobi wa Manfuha

Ndugu zangu na dada zangu, asanteni kwa kunipa nafasi kwenye mkutano wetu huu wa Wakenya. Mwenyekiti ndiye aliyenisukuma nisimame, kwa hiyo nikipotea njia mumlaumu yeye. Mimi ni mtu wa kuongea jikoni, si mbele za watu. Wengi mnanijua kwa sura, yule mama wa Changamwe anayefanya usafi shuleni. Mnajua pia kwamba nikikaribishwa kwa mtu, kabla sijakaa nauliza mita ya stima iko wapi. Mmenicheka sana kwa hilo. Leo nawaambia sababu, na majina ya watu sitataja.

Kabla ya kuja hapa Jeddah nilikuwa Riyadh. Nilikuja Saudia kama wengi wetu, kwa kazi za nyumbani. Nilimaliza mkataba wangu salama, na madam wangu, Mungu ambariki, akakubali nihamishe ikama, kile kibali cha kuishi, niende kampuni ya usafi. Kampuni ile haitoi nyumba. Inakuongezea kitu kidogo kwenye mshahara, halafu yalla, kajitafutie pa kulala. Nikajitafutia pamoja na dada mmoja wa Machakos tuliyekuwa tukisafisha naye shule moja. Ananizidi umri, na ana presha.

Tukapata vyumba viwili mtaa wa Manfuha, hapo hapo Riyadh, chini kwenye nyumba kuukuu. Juu yetu alikaa mama mmoja Myemeni na watoto wake. Upande wa barabarani palikuwa na duka la dobi, mashine zinanguruma kutwa. Kodi ilikuwa nafuu kuliko kote tulikouliza. Tukaona tumebahatika.

Msimamizi wa nyumba akatuambia, "Stima mtagawana na wenzenu. Mita ni moja. Mafi mushkila."

Na sisi tukajibu mafi mushkila, hakuna shida. Ilikuwa majira ya baridi, AC imezimwa, nani angewaza?

Kiangazi kikaingia. Riyadh mnaijua, upepo unakupiga usoni kama umefungua oveni. Tukawasha AC. Bili ya kwanza ilipokuja tulidhani hatukusikia vizuri. Ya pili ikawa mbaya zaidi. Nyumbani tukaanza kutazamana vibaya. Mimi namwambia, "Dada, wewe ndiye unaacha AC inawaka ukienda kuoga." Yeye ananijibu, "Na wewe na pasi yako kila asubuhi?" Watu waliokuwa wakila sahani moja, sasa kila mmoja anachungulia swichi ya mwenzake.

Tukaamua AC hatuwashi. Tunalowesha shuka, tunajifunika. Siku za mapumziko tunaenda supamaketi kubwa, tunasukuma toroli tupu huku na huku, tunavuta baridi, kisha tunatoka na mkate. Mlinzi wa pale alishatuzoea, akituona anatabasamu tu. Gesi nayo tukaibania, tunapika mara moja chakula cha siku nzima, na kwa joto lile kinachacha kabla ya jioni.

Bili ikapanda tena.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo nilichanganyikiwa. Ukitumia sana ukalipa sana, unaelewa. Lakini unakaa gizani, unatoka jasho mpaka godoro linalowa, na bado unaambiwa umetumia kuliko mwezi uliopita! Nikaanza kujiuliza kama nimerogwa.

Mwezi ule hatukuweza kulipa sehemu yetu yote. Tukamwomba msimamizi atuvumilie mpaka mshahara uingie. Siku moja tuliporudi kutoka kazini tukakuta ametukatia waya. Hakuna feni, hakuna friji, hakuna taa. Tukasema tutavumilia. Ijumaa mchana nilikuwa nafua, nikasikia kishindo chumbani. Dada wa Machakos alikuwa ameanguka kati ya kitanda na mlango. Ngozi yake ilikuwa kavu, ya moto kama jiko, na anaongea Kikamba na mtu ambaye hayupo. Nikammwagia maji, nikapiga kelele.

Yule mama Myemeni alishuka ngazi mbio bila viatu. Akashika miguu, mimi nikashika mabega, tukamtoa nje. Nikampigia simu kaka mmoja wa Bungoma, dereva wa familia fulani, tuliyekuwa tukikutana naye kwenye mikutano kama hii. Akaomba ruhusa kwa bosi wake, akaja. Hospitali walimchukua haraka, wakamtundikia maji, wakamwekea barafu kwapani. Daktari akaniambia, "Mngechelewa kidogo, hali ingekuwa nyingine."

Basi tumekaa kwenye ukumbi wa hospitali, mimi nalia. Kaka wa Bungoma akaniuliza, "Hiyo mita yenu, nani mwingine anaitumia?"

"Sisi na mama wa juu."

"Wawili tu? Umewahi kuiona?"

Sikuwahi. Nilijua bili tu. Akasema, "Kesho twende tuiangalie. Stima ya kwenu imekatwa, sivyo? Basi hatuna hata haja ya kuzima kitu."

Kesho yake, dada akiwa anaendelea vizuri wodini, tukaenda. Mita ilikuwa kwenye kichochoro cha pembeni, ndani ya kisanduku. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kaka akanieleza kwamba ikipepesa haraka ndivyo stima inavyoliwa haraka. Wakati huo ilikuwa inapepesa mfululizo, huwezi hata kuihesabu. Mama wa juu alikuwa ametuona, akatuambia kutoka dirishani kwamba amezima AC, watoto wako nje.

"Sasa ni nani anayekula?" nikauliza.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Maduka yakaanza kufungwa kwa ajili ya swala, na dobi naye akazima mashine zake na kushusha mlango wake wa chuma. Tukageukia mita. Ile taa ikatulia. Ikawa inapepesa mara moja, inanyamaza, inapepesa tena pole pole. Tukasimama pale pale mpaka swala ikaisha na dobi akafungua. Mashine zikaanza kunguruma, na taa ikaanza tena mbio zake.

Ndugu zangu, sikusikia hasira kwanza. Nilisikia nafuu. Sijarogwa! Dada hakuwa mwongo, mimi sikuwa mwongo. Tulikuwa tunamlipia dobi stima ya kufulia mji mzima.

Kaka akanifafanulia na jambo la pili. Stima ya hapa ina viwango. Ukitumia kiasi, kila yuniti ina bei ya chini. Ukivuka mpaka, yuniti za ziada zina bei ya juu. Sisi na mama wa juu peke yetu tusingeufikia mpaka ule. Dobi ndiye aliyetuvusha, halafu bili ikagawanywa sawa kwa sawa, kana kwamba sote tunatumia kiasi kimoja.

Msimamizi alipokuja nikamwonyesha. Akasema, "Mita moja, bili moja, wote mnagawana. Halas, imekwisha." Nikakosa Kiarabu cha kumjibu. Lakini mama Myemeni alikuwa amesimama kwenye ngazi, na yeye hakukosa. Alimwambia maneno mengi, nikashika machache: wagonjwa, watoto, Mungu anaona. Msimamizi akainamisha kichwa. Baadaye akaturudishia waya, na hakutudai tena sehemu ile iliyobaki. Ila akaongeza, "Kama hamuipendi nyumba, tafuteni nyingine."

Siku zile kampuni ilikuwa inatafuta watu wa kuhamia Jeddah, na hakuna aliyetaka, wote wanaogopa joto la huku la kunata. Dada alipotoka hospitali nikamuuliza, "Twende?" Akasema, "Twende. Lakini safari hii tunauliza kwanza."

Na tuliuliza! Nyumba ya kwanza hapa Jeddah, mtaa wa Sharafiya, stima ilikuwa ndani ya kodi. Tamu kusikia. Tukamuuliza mpangaji mmoja, akatwambia mwenye nyumba anazima AC za wote asubuhi na kuziwasha magharibi. Mtu wa presha atakaa wapi mchana? Tukapita. Nyumba ya pili ilikuwa na mita moja kwa vyumba vyote na mgahawa chini. Tuliangaliana tu tukatoka. Ya tatu ilikuwa mtaa wa Ghulail, kodi yake juu kidogo, mita peke yake. Mlinzi wa jengo akatuonyesha bili ndogo, nzuri kabisa. Dada akaivaa miwani yake, akaisoma, akasema, "Hii ni ya baridi. Tuonyeshe ya kiangazi." Mlinzi akacheka, akaenda kuileta. Tukajumlisha kodi na stima ya kiangazi kwa kila nyumba, na hiyo iliyoonekana ghali ndiyo iliyokuwa nafuu. Tukahamia.

Gesi nayo tulilinganisha. Kwenda wenyewe dukani kubadilisha mtungi ni bei rahisi kuliko kuletewa. Lakini ngazi zetu ni nyingi, na dada asibebe mzigo, kwa hiyo tunaletewa, tunalipa ile ziada bila kinyongo. Nafuu si lazima iwe bei ya chini.

Kiangazi chetu cha kwanza hapa, nilirudi kutoka kazini mchana nikaogopa, kwa sababu nilimwita dada asiitike. Nikaingia chumbani mbio. AC ilikuwa inavuma taratibu, na yeye amelala fofofo, amejikunja, amejifunika blanketi mpaka masikioni. Blanketi, kiangazi, Jeddah! Nikakaa chini mlangoni nikacheka hadi machozi. Alipoamka akaniuliza, "Nini?" Nikamwonyesha blanketi. Na bili ilipokuja, tuliisoma pamoja, ikawa chini ya ile ya Manfuha tulipokuwa tunalala kwenye shuka za maji.

Namshukuru Mungu. Namshukuru kaka wa Bungoma, aliyeacha shughuli zake akaja kusimama juani na mimi kuangalia taa. Namshukuru mama Myemeni. Majuzi amenitumia ujumbe wa sauti kwamba dobi amewekewa mita yake, na watoto wa huyo mama wanalala vizuri. Nawashukuru ninyi mliotupokea na magodoro mawili siku ile tuliposhuka kwenye basi.

Ninachowaombea ni hiki: mtu asikae kwenye joto akidhani yeye ndiye mkosa. Kabla hujagombana na mwenzako kwa sababu ya swichi, tokeni pamoja mkaiangalie mita. Wewe uliyekaa kule nyuma, uliyeniambia wiki jana kwamba bili yenu haieleweki, usiondoke tukimaliza. Dada ameshavaa viatu. Tunakuja kwenu leo, kungali mchana.