Siku Moja ya Novemba: Maisha ya Marcelino Aroni Luvanda

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, wawakilishi wa Chuo cha Ilembe, ndugu na majirani mliotoka Mbeya alfajiri ya leo na ninyi mnaoshinda hapa Ifunda tangu juzi, familia ya Luvanda inawasalimu na kuwaomba utulivu wenu kwa dakika chache. Historia hii inasomwa na Apolonia, mtoto wa mwisho wa marehemu, si kwamba kaka yake Adrian ameshindwa, bali marehemu mwenyewe aliagiza hivyo akiwa wodini, akasisitiza kwamba lile la mwaka 2019 lisirukwe.

Marehemu Marcelino Aroni Luvanda alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963 hapa hapa Ifunda, mkoani Iringa, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa mzee Aroni Luvanda na mama Veneranda, ambao wote wametangulia. Elimu ya msingi aliipata hapa kijijini kuanzia 1971 hadi 1977, sekondari akasoma Iringa mjini hadi 1981, kidato cha tano na cha sita akamalizia Mbeya mwaka 1984, akapita Jeshi la Kujenga Taifa mwaka mmoja, kisha akaenda Dar es Salaam alikohitimu shahada ya takwimu mwaka 1989. Waliokua naye wanasema alikuwa akihesabu kila kitu, hata viazi vya sahani ya mwenzake, na familia haina sababu ya kubisha.

Alianza kazi mwaka 1990 kwa kufundisha hisabati Njombe, na tarehe 2 Aprili 2001 aliajiriwa kuwa afisa mipango wa Chuo cha Kilimo na Mifugo Ilembe, chuo cha umma kilichopo nje kidogo ya Mbalizi, alikotumikia hadi alipostaafu mwezi Agosti 2023. Tarehe 21 Desemba 1991 alifunga ndoa na Tumpe Isakwisa, binti wa Tukuyu, wakajenga Iyunga, jijini Mbeya, na kujaliwa watoto watatu, Adrian mwaka 1993, Goodness mwaka 1996 na Apolonia mwaka 1999.

Hapa ndipo aliposema pasirukwe. Marehemu alipofika Ilembe, ruzuku ya serikali iligawanywa kwa mazoea, mkuu wa idara mwenye sauti kubwa kikaoni aliondoka na fungu nono, mpole aliambulia chaki, na jambo hilo lilimkera miaka mingi. Mwaka 2018 akaandika utaratibu mpya, baraza la chuo likaupitisha, kwamba kila idara ipewe fedha kwa idadi ya wanafunzi wake, na mwanafunzi wa kuhesabiwa ni yule atakayekutwa ameketi darasani na kitambulisho chake siku moja iliyopangwa. Aliupenda utaratibu ule, akauongelea hadi mezani nyumbani, na kwa kweli ulikuwa wa haki kuliko uliotangulia.

Mwaka 2019 siku iliyopangwa ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Novemba. Idara ya Mifugo ilikuwa na wanafunzi sitini na mmoja, na hamsini na wawili kati yao walikuwa Usangu kwa mafunzo ya vitendo, wakichanja ng'ombe wa wafugaji, wakiongozwa na mkuu wa idara yao, Bwana Shija Makoye, ambaye yuko nasi hapa leo. Bwana Makoye alipiga simu asubuhi ile, akasema, "Mzee Luvanda, vijana wote niko nao huku mazizini, sasa hawa si ndio wanasoma jamani, waandike tu." Marehemu alimjibu kwamba karatasi inasema darasani, na yeye ndiye aliyeiandika, akianza kuipindisha yeye nani ataifuata. Aliandika tisa. Katika wale hamsini na wawili ambao hakuwaandika alikuwemo binti yake Apolonia, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na alijua yuko wapi, kwa kuwa nauli na mabuti ya mpira alimnunulia mwenyewe.

Fedha za watu tisa hazikutosha kulisha hata ng'ombe wa chuo. Mwezi Julai 2020 idara ilifungwa, ng'ombe kumi na wanne wakauzwa mnadani Mbalizi, na wanafunzi wakatakiwa kuhamia biashara ya kilimo au kutafuta chuo kingine. Apolonia hakuhama wala hakutafuta, alirudi Iyunga, na tangu mwaka 2021 anauza dawa za mifugo katika duka la mtu mwingine. Yeye na baba yake waliishi nyumba moja karibu miaka mitano wakisalimiana vizuri, wakipeana chumvi, na hawakulizungumza.

Alipostaafu, marehemu alikaa chini na kuuandika upya utaratibu ule, safari hii kurasa ishirini na mbili. Aliandika kwamba fedha ya umma ije kwa mafungu matatu, la kwanza la kuuweka mlango wa kila idara wazi, kwa sababu ng'ombe hapunguzi kula eti darasa halikujaa, la pili lifuate wanafunzi, wahesabiwe mwaka mzima na popote wanapofundishwa, na la tatu liangalie uhaba wa wataalamu katika eneo husika. Alitaka pia mgawo utangazwe kwa miaka mitatu mitatu, idara isife kwa siku moja mbaya. Aliupeleka chuoni tarehe 5 Machi 2024, na hadi leo familia haijaona jibu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari mwaka 2022, figo zikafuata Oktoba 2024, akawa anasafishwa damu Mbeya mara mbili kwa wiki, na tarehe 8 Juni 2025, Jumapili, saa tisa alasiri, alifariki dunia. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Iyunga, jumuiya, wafanyakazi wenzake, na uongozi wa chuo kwa basi na jeneza, na inauomba uongozi huo jambo moja tu, zile kurasa zisomwe kikaoni, zikikataliwa basi zikataliwe zikiwa zimesomwa.

Siku tatu kabla ya kufa alimwuliza binti yake kama angekuwa mtaalamu mzuri wa mifugo. Mama Tumpe alikuwa akimwangalia binti ili aseme neno jepesi, mgonjwa apumzike. Binti alimjibu ndiyo, baba, ningekuwa mzuri sana. Marehemu aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema asante, akaomba maji, na binti akamshikia kikombe hadi akamaliza. Tangu siku ile Apolonia hajalia, hata jana walipomleta, na hajui kama amesamehe, anajua tu kwamba aliulizwa.

Pumzika kwa amani, baba.