Niliumwagilia Mpaka wa Kunifukuza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona mnatazamana: huyu naye leo katoka kwake? Nimetoka. Wengine wanamshukuru Mungu kwa kupona ugonjwa; mimi naanza kumshukuru kwa kufika tu hapa mbele.

Mnanijua, mimi ni mtu wa nyumbani, hapa hapa Buganguzi. Nikienda Muleba mjini, njia nzima nawaza kama mlango niliufunga. Marehemu mume wangu, Projesti, alikuwa akinitania kwamba hata mbinguni nitaomba ruhusa nirudi kuangalia migomba. Basi akatangulia yeye. Tulimzika kibanjani, nyuma ya nyumba, penye mibuni yake.

Matanga hayajapoa, ukoo ukakaa. Shemeji yangu, Ta Leonsi, akatangaza kwamba nimezaa mabinti tu, na kwa mila yetu ardhi ya ukoo haiendi kwa mwanamke. Nibaki na nyumba na migomba ya karibu na jiko, basi. Wakapanda milamula, ile miti yetu ya mipaka, katikati ya kibanja. Kaburi la mume wangu likabaki upande wao!

Ndugu zangu, mnadhani nilipiga kelele? Kilikuwa kiangazi. Nikaona milamula inanyauka, mkono ukanisaliti: nikachota maji nikaimwagilia! Nikaiwekea na nyasi shinani. Binti yangu Koku akanikuta na ndoo.

"Mama! Unaumwagilia mpaka wa kutufukuza?"

"Ilikuwa na kiu," nikamjibu.

Akacheka mpaka machozi. Halafu akalia kweli. Hapo ndipo nilipopiga magoti, ndoo kando: Bwana, mimi siwezi kutoka nyumbani, lakini sasa nyumba inanitoka. Nitume!

Akanituma! Koku akanipeleka Bukoba, kwenye mkutano wa akina mama wanaodai sheria zinazotubagua zifutwe. Nilikaa nikiwaza kuku, lakini nilisikia. Kumbe ile mila haiko midomoni mwa wazee tu, imeandikwa kuwa sheria! Kumbe ziko nchi ambako mama hawezi kumpa mwanawe uraia, na nyingine mke haendi kazini mpaka mume aridhie. Mimi nilidhani nina kesi na shemeji, kumbe dunia nzima tumepandiwa milamula. Wakaniomba niongee. Nikasimama, nikawasimulia habari ya ndoo yangu na milamula. Hofu ikaniachia pale pale!

Niliporudi nikaenda baraza la kata, akina mama wa jumuiya nyuma yangu. Ta Leonsi akaieleza mila, tena vizuri. Alipokaa, akasimama mke wake, Ma Anatolia.

"Baba Edita, nasi tuna mabinti tu. Ukifa wewe, mimi nihamie wapi?"

Waitu, ndugu zangu! Ta Leonsi akaitazama kofia yake mapajani kama vile jibu limo humo. Mwisho akasema, "Hiyo milamula ing'olewe."

Aliing'oa mwenyewe, akitokwa jasho, akilalamika kwamba imeshika mno. Ningemwambia nini? Ingeachaje kushika, na mimi niliinywesha? Tuliipanda upya kwenye mpaka wa nje, na imestawi. Projesti yuko kwake, nami niko kwangu na mabinti zetu.

Lakini sheria yenyewe bado ipo, ndugu zangu, na mjane mwingine hatakuwa na Ma Anatolia wake. Ndiyo maana sinyamazi. Juma lijalo naenda Maruku kukusanya sahihi za kutaka ifutwe. Mimi! Sheria nayo ilipandwa na watu, nasi tumeimwagilia kwa kunyamaza kwetu. Itang'oka! Wewe mama uliyekaa karibu na mlango ukiogopa, mtegemee Bwana, tufuatane. Na asiyeweza kusafiri aje aniangalizie kuku, maana hilo pepo bado halijanitoka.

Asifiwe yeye aliyenitoa nyumbani ili nibaki na nyumba!