Shangazi Pindo, Aliyetuachisha Kulamba Uzi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, msimamizi wa chumba chetu cha kushonea atafunika cherehani yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Ofisini wanalo jina lake kamili. Sisi tunamwita Shangazi Pindo, kwa sababu pindo likienda mrama hata kidogo, yeye hufumua. Hajali kama nguo ni ya daktari au ya mpishi. Anafumua, anakurudishia huku akitabasamu, nawe unajikuta unamshukuru kwa kupewa kazi upya.

Alianza kwa kushona vifungo, akahamia mikono na kola, mwisho akakabidhiwa chumba kizima. Sare za wauguzi, za wanafunzi na za walinzi zimepita mikononi mwake bila idadi. Na mabibi harusi je! Hakuna binti wa kiwanda hiki aliyeolewa bila Shangazi kugusa gauni lake. Mwandishi wa maneno haya aliolewa mwezi uliopita, na kila lulu iliyokuwa kifuani aliishona yeye baada ya saa za kazi. Ukimwuliza malipo anakuambia bi harusi hadaiwi.

Lakini tukikaa kumsimulia, wote tunaishia kwenye siku za korona.

Asiye fundi hawezi kujua jinsi ugonjwa ule ulivyotukuta vibaya. Fundi hufanya kazi kwa mdomo kama anavyofanya kwa mikono. Pini hushikwa kwa midomo. Uzi ukikataa kuingia kwenye tundu la sindano, unalambwa ncha unyooke. Tulifundishwa hivyo na Shangazi mwenyewe, naye alifundishwa na waliomtangulia. Kwa hiyo barakoa zilivaliwa vizuri asubuhi, na kabla ya chai zote zilikuwa zimeteremka kidevuni. Shangazi alipita kati ya mashine akituambia kwamba barakoa ya kidevuni ni sawa na suruali ya magotini: umeivaa, lakini haijakusitiri.

Kunawa mikono hakukumpa shida. Alisema nawa kama unayekwenda kushika shela jeupe, basi kila mtu akasugua hadi katikati ya vidole. Salamu za kugusana viwiko alizikataa kabisa. Mkataji wetu wa vitambaa, mcheshi asiyechoka, alipomnyooshea kiwiko, alimwuliza kama ndicho hichohicho alichokikoholea jana. Chumba kizima kilicheka, na tangu siku ile tukawa tunapungiana mikono kwa mbali kama watu wanaosindikizana safari.

Tulicheka, ila yeye alikuwa na jambo zito moyoni. Mumewe ni seremala mstaafu, na vumbi la mbao la miaka mingi limemharibu kifua. Daktari alikwishawaambia wazi kwamba korona ikiingia katika mapafu yale, huenda asipone. Shangazi alikuwa na mtu mmoja wa kumpoteza, na kila jioni alirudi kwake akitoka katika chumba chenye watu wengi. Ndiyo maana alinawa kwenye bomba la uani kabla ya kugusa mlango, akabadili nguo katika chumba cha nje zinamokaa randa na misumeno ya mzee, akafua barakoa yake kwa sabuni na kuianika, ndipo akaingia ndani kumsalimu.

Kisha siku moja mazoea yakamponyoka. Tulikuwa tunakimbizana na sare za wauguzi. Fundi wa kola, jirani yake wa mashine, alikuja na kikohozi akasema ni vumbi la pamba tu. Aliogopa kukaa nyumbani na kukatwa ujira wa siku. Alilamba uzi, ukakataa kuingia, akampa Shangazi mwenye macho makali zaidi. Shangazi akashusha barakoa, akalamba ncha ileile, akatunga uzi, wakaendelea na kazi. Jioni, akiwa anakaribia lango la nyumbani, alipigiwa simu: fundi wa kola amepimwa, ana korona.

Hakuingia ndani. Alijifungia katika kile chumba cha nje, akalala kati ya mbao. Mzee alipika, jambo ambalo Shangazi anaapa hakuwahi kuliona tangu wafunge ndoa, akaweka sahani juu ya kigoda, akarudi nyuma, ndipo mkewe akatoka kuichukua. Wali ulikuwa na chumvi ya kutosha mtaa mzima. Aliula wote. Siku chache baadaye hakuusikia tena utamu wala chumvi, na homa ikampanda. Alikuwa ameupata ugonjwa.

Mzee alileta kiti uani, akakaa kutwa nzima akizungumza naye kupitia dirishani, na kila siku kiti kilisogea kidogo. Siku ya homa kali kilikuwa kimefika karibu kabisa. Shangazi alitusimulia maneno aliyomwambia, na sisi wenye ndoa changa tuliyaweka moyoni:

“Rudisha kiti nyuma, mume wangu. Ukinipenda leo kwa mbali, kesho nitakupenda kwa karibu.”

Mzee akarudisha kiti. Homa ikashuka. Mzee mwenyewe hakuugua. Jamani, mapenzi gani tena mtu ayatafute?

Aliporudi kazini hakumlaumu fundi wa kola; alisema ulimi ulikuwa wake mwenyewe. Alimgawia kila mtu kiwaya cha kutungia uzi na kimto cha pini cha kufunga mkononi, mdomo ukapumzika. Akaamuru madirisha yawe wazi, hata kama upepo ulipeperusha vipande vya kitambaa. Mashine zikatenganishwa. Halafu akapanda ofisini kwa meneja, na hakushuka mpaka walipokubaliana kwamba anayekohoa akae nyumbani na asikatwe kitu. Utaratibu huo upo hadi leo, na wa kwanza kuutumia alikuwa fundi wa kola. Chanjo zilipofika, Shangazi na mzee wake walikwenda pamoja, wameshikana mikono kama wachumba.

Mwezi uliopita uongozi ulimwomba abaki mwaka mmoja zaidi, kwa mkataba mzuri. Tulishangilia kabla hajajibu. Alishukuru kwa heshima zote, akakataa.

“Nilimlinda mtu wangu ili nikae naye,” alisema. “Sasa niacheni nikakae naye.”

Hakuna aliyembembeleza tena.

Shangazi, ahsante kwa kutufumua na kutushona upya. Chumba chote kimesimama kukuaga. Ijumaa usingoje kengele. Toka mapema, ufike nyumbani jua likiwa bado juu. Wewe na mzee wako tunawaombea pumzi ndefu, na asubuhi nyingi ambazo hakuna kati yenu anayemuaga mwenzake.