Herufi za Kona za Mzee Aron Shewiyo

Miaka thelathini na saba na miezi miwili. Ndiyo aliyotutumikia Mzee Aron Shewiyo, mwandika magunia wa Kiwanda cha Chai Kwemsala, tangu Aprili 1988 hadi anapostaafu tarehe 30 Juni 2025. Nilipangiwa niandike wasifu wa kuchekesha. Nisameheni ndugu zangu, tangu Jumanne hauandikiki.

Nianze na kazi yenyewe. Zile herufi za magunia yetu, nene, nyeusi, za kona kona, hazikununuliwa. Mzee Aron alizikata mwenyewe kwa tindo kwenye mabati ya madebe, mwaka wake wa kwanza, ili rangi ipite kwenye matundu yake. Tindo yake haikujua kupinda, basi na herufi hazikupinda: O ni nati ya trekta, S ni ngazi, C ni spana. Madereva pale Mombo wanautambua mzigo wetu toka ng'ambo ya barabara. Daraja la ubora wa chai hakuwahi kulikosea hata kwenye gunia moja.

Vituko vyake mnavijua. Ukimpa karatasi ya oda anakwambia, "Nisomee mwanangu, mikono ina rangi." Tumemsomea miaka! Na mlinzi wetu Mzee Zuberi, aliyemzidi miaka saba, hakuisha kulalamika getini: "Huyu Aron ananipita kimya. Anangoja shikamoo yangu?" Sisi wadogo tulimwamkia, naye akaitikia marahaba na jina la kila mtu. Tungejuaje?

Mwaka juzi ofisi ilileta herufi mpya za duara. Mimi Rahabu nilisimama kikaoni nikasema hizi za zamani zinafanana na kibao cha HATARI kwenye transfoma. Watu wakacheka. Mzee Aron akazikataa za duara, akapewa barua ya onyo, akakataa tena, sababu hasemi. Nikasema ni kiburi. Hata kwenye maombi nilimtaja aondolewe kiburi, Mungu anirehemu. Ikaamuliwa za duara zianze tarehe mosi Julai, akishaondoka, na mabati yake yauzwe chuma chakavu.

Jumanne ikawa makabidhiano. Sanduku likamponyoka Hidaya, binti anayerithi kazi, mabati yote thelathini na sita yakatawanyika sakafuni, yakachanganyika na yale ya duara. Mzee Aron akachuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye kona, bati baada ya bati, akayapanga yake yote kabla hatujamaliza kucheka. Kisha akashika moja la duara. Akaligeuza. Akaligeuza tena.

"Hidaya, hii ni tatu au nane?"

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Hidaya akadhani utani. "Babu, si unaiona?"

"Naona mwanga tu, mwanangu. Presha ya macho. Mwaka wa sita huu. Niliogopa mkijua mtanirudisha nyumbani."

Jamani! Nilikaa chini palepale, juu ya magunia. Miaka sita tunakula naye meza moja, na zile kona tulizotaka kumnyang'anya ndizo zilizokuwa macho yake.

Habari ikafika getini. Mzee Zuberi akaja mbio, akasimama mbele yake, akasema tu, "Aron, ni mimi Zuberi." Mzee Aron akavua kofia. "Shikamoo, kaka." Zuberi akamshika mikono yote miwili.

Siku hiyohiyo Meneja wetu, Bwana Edgar, alifuta agizo la chuma chakavu. Mabati yanabaki, na yatafanya kazi.

Mzee Aron, asante kwa kila gunia. Mimi binafsi naomba msamaha, na hilo nitakuja kulisema kwa mdomo. Maneno haya mkeo, mama Dorkasi, atakusomea nyumbani. Ila salamu zetu za mwisho hatukuziandika kwa wino. Hidaya amezikata kwenye bati, kwa tindo yako, tumelibana kwenye nakala yako ya wasifu huu. Weka kidole:

MAISHA MEMA BABA

B ya pili ina kona iliyomshinda. Uje umwonyeshe.