Karatasi Juu ya Ufa

"Mkaguzi alibandika karatasi juu ya ufa wa chumbani katika nyumba ninayoitaka, wiki tatu sasa," mshonaji aliyeketi mbele yangu basini alimwambia jirani yake wa kiti, fundi mwashi mwenye saruji viatuni. "Leo naenda kuitazama. Ikiwa nzima, ukuta umetulia, nanunua nyumba!"

"Na ikichanika, dada?"

"Usiniloge, kaka!"

"Usipoziba ufa..."

"Nitajenga ukuta, najua! Lakini jua lile la asubuhi, linalofika hadi nitakapoweka cherehani, nitalijenga kwa matofali gani?"

 

Basi liliposimama, mshonaji aliruka chini. Mwashi, aliyekuwa amekata tiketi ya kituo cha mwisho, akashuka mbio nyuma yake. "Dada, usiiguse kabla sijaiona!"

Nusura nami nishuke.