Nenda Ukawaambie Sikutaja Jina

Zimeni simu, wanangu, msogee, maana sauti iliyokuwa inanyamazisha bunge zima leo haivuki hata kitanda hiki. Sikilizeni, sitarudia.

Sebuleni kuna wageni. Katibu wa chama na wenzake wanakunywa chai yetu huku wanangoja nitaje jina, kifungua mimba wangu, jina lako, ili nikifumba macho tu wakutangaze mgombea wa jimbo langu. Najua umeshanunua suti. Dada yako kaniambia, usimnunie.

Sasa jueni nilivyoingia mimi. Waziri mkuu alipofariki, wakubwa waligombania kiti kama kunguru waliookota utumbo, mwisho katibu huyuhuyu akasema, tumweke yule mbunge aliyekuwa mkunga ashikilie kidogo, mwanamke hana makuu. Nchi ilikuwa haijawahi kuongozwa na mwanamke, na wao waliona bado haijaongozwa, ndiyo maana mlangoni wakabandika Kaimu. Baba yenu, Mungu amrehemu, akawa ananiita Kaimu mpaka chumbani. Kule kwenye karakana yake ya friji wakamtania, eti jioni anampigia mkewe saluti. Akawajibu, "Napiga, na napikiwa. Wewe hupigi, na unalala njaa."

Mawaziri walikuwa wanamalizana koridoni, ndani wanakuja kugonga meza tu. Siku moja nikaburuta kiti changu mwenyewe hadi koridoni, nikakaa katikati yao, nikasema, "Endeleeni, kikao kimeanza." Wakatazamana kama wezi wa kuku. Uchaguzi ulipofika nikagombea, nikazomewa, nikarushiwa maganda ya machungwa, nikashinda. Lile neno la mlangoni nililibandua mwenyewe, kwa kucha.

Walinipa kiti wakidhani mpini watashika wao. Kilichoniokoa ni kwamba nilishawazalisha wake zao na binti zao miaka mingi, najua mtaa gani hauna maji, najua nani anadanganya hata kabla hajafungua mdomo. Wewe, baba, unamjua nani jimboni? Unalo jina langu tu, na nguo ya kuazima haisitiri makalio. Huyo katibu anatafuta mtu mwingine wa kushikilia, safari hii kakuona wewe.

Siasa sikukatazi. Anzia udiwani. Piga hodi kwa watu, wamtukane mama yako mbele yako, umeze, halafu uombe kura. Ukishinda hapo, hakuna wa kukunyang'anya. Na wewe, kitinda mimba, ukitaka, njia ni hiyohiyo, ila msije mkagombana. Nyumba hii ni yenu wote wawili, asiuze mmoja kwa siri. Katibu nimemsamehe, lakini kaburini kwangu asihutubie, atanichosha na huko.

Nipandishieni mto kidogo... hapo. Hapohapo.

Usilie, mwanangu. Najua umengoja sana, najua inauma. Nakupenda, ndiyo maana sikupi. Mungu awape... awape riziki ya jasho lenu, na ulimi mtamu, na mgongo usiopinda. Mshikane. Hata mkinuniana, mshikane.

Sasa nenda sebuleni. Wewe mwenyewe, asiende dada yako. Waambie kwa mdomo wako, mama hakutaja jina. Taratibu, bila matusi. Waache wamalize chai.

Nenda, baba... ningali nasikia. Mlango uache wazi.