Mzee Elius Nyagawa, Aliyemtafuta Fundi wa Trekta Lake

Marehemu Mzee Elius Nyagawa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, Kidugala, mtoto wa tatu wa marehemu Kornelio na marehemu Anneth. Alibatizwa mwaka huohuo. Alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini barua zake aliziandika mwenyewe mpaka mwisho.

Mwaka 1972 alianza udereva wa lori la viazi, Njombe hadi Makambako. Mwaka 1976 alifunga ndoa na Yudita, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1988 alinunua trekta kuukuu jekundu, akahamia kata ya Ramadhani, Njombe, akawa anawalimia watu mashamba.

Trekta hilo lilikuwa la kuungaunga. Gia boksi ilikuwa ya lori, tena lina gia ya ziada ya kupandia milima yenye matope. Chini ya kiti palichomelewa herufi KAMW na namba 78. Watu wote walisema ni kiwanda cha Ujerumani. Marehemu hakuridhika. "Limelisha watoto wangu," alisema, "halafu nisimjue aliyeliunda?" Akaandika barua nyingi, akauliza mpaka mapadri wa misheni ya Uwemba. Bibi yetu Yudita alimtania, "Baba Frederick, ukoo wa trekta unaufuatilia hivyo, na shangazi zangu hata majina huwajui!"

Akajibu, "Shangazi zako hawana gia ya mlimani."

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Daktari alimwambia apumzike. Yeye akaona muda umebaki mdogo, akaanza kulikwangua trekta rangi. Pale chini ya kiti, kati ya KAMW na ile namba, zikatokea herufi tatu zilizokuwa zimefunikwa: ENE. Kamwene! Salamu yetu Wabena. Babu alikaa chini akacheka sana. "Miaka thelathini na tano mtu ananisalimia, mimi siitikii!"

Basi Ujerumani akaachana nayo. Alikwenda Makambako mara tatu, ya mwisho akishushwa garini kwa kushikwa mkono, akiwauliza mafundi wa kuchomelea ni nani alikuwa anasalimia kwenye vyuma. Wakamwelekeza kwa Bibi Dorika, mjane wa fundi Yoeli Kilumile. Alipoonyeshwa picha ya trekta, Bibi Dorika alisema, "Hiyo kazi ya mume wangu, mwaka sabini na nane. Walimcheka kwamba litamzimikia njiani. Akaliendesha mpaka Njombe, halikuzima."

Babu alirudi nyumbani, akaandika jina la Yoeli Kilumile ubavuni mwa trekta kwa rangi nyeupe. Kila aliyekuja kumjulia hali aliulizwa kwanza, "Umelisoma?"

Alifariki hospitalini, Njombe, asubuhi ya tarehe 9 Juni 2025, akiwa na miaka 74.

Ameacha mjane, Yudita. Watoto Frederick, Margareth, Shadrack na Jenifer. Wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili. Bibi Dorika yupo hapa leo na mwanawe Lenard. Wamekaa mbele pamoja nasi, kwa sababu marehemu aliagiza mwenyewe: "Hao wawekwe kwenye viti vya ndugu."

Bwana ampe babu yetu pumziko la amani.